Ugonjwa wa Kibofu cha Nyongo Unaojifanya Saratani

Kolesistitisi ya zanthogranuloma ni aina adimu ya mchochota sugu, yaani uvimbe wenye maumivu unaokiharibu kiungo polepole, ambao hushika kibofu cha nyongo, kifuko kidogo kilicho chini ya ini ambamo nyongo huhifadhiwa kabla ya kumiminwa utumboni ili isaidie kumeng'enya mafuta. Ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1970, ukapewa jina lake la sasa mwaka 1976, na ingawa si saratani, umewatatiza madaktari wa upasuaji.

Chanzo chake mara nyingi ni mawe ya nyongo. Jiwe likiziba njia, shinikizo hupanda, na nyongo hupenya katika vijishimo vya Rokitansky-Aschoff, ambavyo ni mibonyeo ya utando wa ndani iliyojichimbia ukutani mwa kibofu, mpaka vikapasuka na nyongo ikavuja ndani ya ukuta wenyewe. Hapo hufika makrofaji, seli za kinga zenye kazi ya kumeza uchafu na vijidudu, nazo huyabugia mafuta ya nyongo hiyo hadi zikaonekana kama zimejaa povu. Zikirundikana hufanya vinundu vya manjano, na nyuzi za kovu hutanda kuzizunguka, hata ukuta ambao kwa kawaida hauzidi milimita 3 ukanenepa mara kadhaa. Kinachokuja kuogopwa kama saratani, basi, kimejengwa na walinzi wa mwili.

Mgonjwa, aghalabu mwenye umri wa miaka 50 na zaidi, hulalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia, pengine pamoja na homa au macho ya manjano. Picha za CT huonyesha ukuta mnene ulioshikamana na ini, utumbo mpana au duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na hivyo ndivyo saratani nayo inavyojieneza. Kipimo cha damu cha CA 19-9 huweza kupanda katika magonjwa yote mawili. Hata PET, inayosaka seli zinazofyonza sukari kwa wingi, hudanganyika, kwa kuwa seli za kinga zilizo kazini nazo huifyonza. Utando wa ndani ukionekana haujakatika, na ukutani mkiwa na vinundu vyeusi pichani, shaka ya saratani hupungua, lakini haiondoki.

Tiba ni kukiondoa kibofu, kazi ambayo makovu huifanya ngumu kiasi kwamba upasuaji wa matundu madogo mara nyingi hugeuzwa kuwa wa kupasua tumbo. Daktari akidhani ni saratani huweza kukata na kipande cha ini bila haja. Akidhani si saratani kumbe ndiyo, huweza kuiacha ndani. Kwa sababu hiyo kibofu kilichotolewa hupaswa kuchunguzwa chote kwa hadubini, kwani magonjwa haya mawili yamewahi kukutwa katika kibofu kimoja.