Mafuta Yalikuwapo, Petroli Haikuwapo



Kila msimu wa uchumaji twaulizwa na wengi wenu: kwa nini dhoruba ikipiga nchi ya mbali, nauli ya gari la kuchukulia karafuu ipande kwetu? Twaona tuwaeleze habari ya tufani ya Katrina.

Tufani hiyo ilipiga pwani ya kusini ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005. Visima vya mafuta vilivyomo baharini katika Ghuba ya Mexico vilifungwa karibu vyote. Mitambo ya kusafishia mafuta huko Louisiana na Mississippi ikaingia maji au ikakosa umeme, na mabomba makubwa yapelekayo petroli majimbo ya mashariki yakasimama. Kwa muda wa wiki moja bei ya galoni, iliyokuwa kiasi cha dola 2 na senti 60, ikapita dola 3.

Wala si kwamba serikali ile haikuwa na akiba. Tangu kunyimwa mafuta na nchi za Kiarabu mwaka 1973, ilikuwa imejiwekea mamia ya mamilioni ya mapipa katika mapango ya chumvi, huko huko Louisiana na Texas. Ikatangaza kuuza mapipa milioni 30. Wanunuzi wakachukua milioni 11 tu. Akiba ile ilikuwa mafuta ghafi, na mitambo ya kuyasafisha imelala. Mkulima wa karafuu hahitaji kusomeshwa jambo hili: aweza kuwa na karafuu mbichi za kujaza ua mzima, lakini jua lisipotoka hana cha kupeleka kituoni.

Kilichosaidia upesi kilitoka Ulaya. Tarehe 2 Septemba nchi za Shirika la Kimataifa la Nishati zilikubaliana kutoa mapipa milioni 60, na zile za Ulaya zikatoa kwa wingi petroli iliyokwisha kusafishwa. Marekani nayo ikalegeza kwa muda sheria inayokataza meli za kigeni kuchukua mizigo baina ya bandari zake. Hiyo ilikuwa amri ya karatasi tu, haikugharimu hata pipa moja! Tufani nyingine, Rita, ilipiga tarehe 24 Septemba, hata hivyo ilipofika Desemba bei ilikuwa chini ya ile ya kabla ya Katrina.

Ama sisi watu wa kisiwani, mafuta yetu huvuka maji, na bahari ikichafuka hakuna wa kumwamrisha nahodha ang'oe nanga. Kwa hiyo katika mkutano ujao kamati italeta swali moja: petroli na dizeli iliyomo ndani ya kisiwa wakati wa uchumaji yatosha siku ngapi? Wanachama wenye magari na vyombo vya baharini waje na hesabu ya lita walizotumia msimu uliopita.