Bundi Atuandikia Habari za Panya

Ndugu mkulima, bundi akilia juu ya paa lako usiku, yamkini wazee husema kwamba msiba u karibu, na vijana hutoka na mawe. Kabla hujawaacha wamwue, nakuomba usome habari hizi. Ndege huyo anakufanyia kazi kila usiku, tena anakuachia hesabu ya kazi yake.

Nenda asubuhi ukatazame chini ya mti au paa analolala. Utaona vitonge vyeusi vya ukubwa wa kidole gumba. Hivyo si mavi. Bundi hana meno, kwa hiyo humeza panya mzima mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini mifupa na manyoya hubaki. Baada ya saa kadhaa hushikamana yakawa tonge, naye hulitapika.

Kulisoma tonge si kazi ngumu. Vaa glavu, maana laweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa. Liloweshe katika mkebe wa maji ya vuguvugu, ulichambue kwa mwiba, kisha panga mifupa juu ya karatasi. Hesabu mafuvu: kila fuvu ni mnyama mmoja. Fuvu lenye meno ya mbele kama patasi, kisha pengo, kisha magego, ni la panya, adui wa mahindi yako. Fuvu dogo lenye safu ya meno makali bila pengo ni la kirukanjia, ambaye chakula chake ni wadudu. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni.

Lakini macho yana mpaka wake. Wako panya wa shamba wawili, Mastomys natalensis na Mastomys erythroleucus, wanaofanana kama pacha. Hata mtaalamu ni shida kuwatenganisha kwa kuwatazama tu. Tofauti yao si jambo dogo, kwa kuwa katika Afrika Magharibi yule wa kwanza ndiye mwenezaji mkuu wa homa ya Lassa.

Hapo ndipo vinasaba, yaani DNA, vinaposaidia. Hivyo ni maagizo ya urithi yaliyomo mwilini, ambayo mtoto hupewa na wazazi wake. Kila jamii ya wanyama ina mpangilio wake, kama kila mwenye ng'ombe alivyo na chapa yake. Mwaka wa 1996 wataalamu Pierre Taberlet na Luca Fumagalli walieleza kwamba vinasaba vyaweza kupatikana katika mifupa iliyotapikwa na bundi. Mtaalamu husafisha kipande cha mfupa, hukisaga, hutoa vinasaba vilivyosalia, kisha huvitolea nakala nyingi mno mpaka visomeke. Mwisho huvilinganisha na vya wanyama wanaojulikana. Hivyo hupata jina la panya bila kutega hata mtego mmoja.

Usidhani tonge hueleza yote. Bundi huyu huwinda usiku, basi panya wa mchana hawaonekani sana. Tena huruka mbali. Huenda panya aliyemla alitoka kwa jirani.

Kwa nini tujali? Mwaka wa 1962 panya wa jamii kadhaa walizaliana kupita kiasi wakaharibu mazao katika mashamba ya Kenya. Panya wa shamba hubeba mimba siku 23 hivi, na aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Bundi peke yake hawezi kulizuia jeshi kama hilo, lakini matonge yake yakichunguzwa mara kwa mara yaweza kutuonyesha ni panya gani waliopo.

Basi shauri langu ni hili. Kwanza, usimwue bundi. Pili, usitupe sumu ovyo, kwa maana bundi akila panya mwenye sumu, naye hudhurika. Afadhali ufyeke nyasi kando ya ghala na kufunga vikinga vya bati kwenye miguu yake. Tatu, matonge ya kupimwa vinasaba yasiloweshwe wala kuanikwa juani. Chukua yaliyo mapya, yakauke kivulini, uyatie katika bahasha ya karatasi, uandike tarehe na mahali, kisha umwulize afisa wa kilimo kama yuko mtafiti anayeyahitaji.

Bundi akilia usiku wa leo, mwache. Asubuhi chukua mkebe ukatazame amekula nini.