Moyo wa Mama Baada ya Kujifungua

[Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha ushuke]

MTANGAZAJI: Leo tunaanza na swali. Mama amejifungua salama. Wiki tatu zimepita. Miguu imevimba, na usiku hawezi kulala chali. Anakaa akiegemea ukuta ili apate pumzi. Jirani mmoja anasema ni uchovu wa uzazi. Mwingine anasema amerogwa. Nani yuko sahihi?

Huenda hakuna. Huenda ni moyo.

Homoni ni kemikali ambazo mwili wenyewe hutengeneza na kuzituma ndani ya damu, zipeleke ujumbe. Mama akipata mimba, homoni huongezeka, mishipa hulegea, na damu huongezeka kwa karibu nusu. Moyo hupiga haraka zaidi na msuli wake hunenepa, kama mkono wa mtu anayebeba jerikani za maji kila siku. Hiyo ni kawaida. Baada ya kujifungua, moyo hurudi polepole katika hali yake.

Kwa akina mama wachache haurudi. Homoni inayoleta maziwa inaitwa prolaktini. Mwaka 2007 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba prolaktini inaweza kukatika, na kipande chake kidogo kikaharibu mishipa midogo ya moyo. Msuli hukosa damu ya kutosha, moyo hutanuka na kusukuma kwa udhaifu. Maji hujaa kwenye mapafu na miguu. Ugonjwa huu huanza kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kujifungua. Presha ya mimba na mimba ya mapacha huongeza hatari.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Mama, usiache kunyonyesha kwa sababu ya kipindi hiki. Maziwa yako si sumu. Kila anayenyonyesha ana prolaktini, na karibu wote wako salama. Ipo dawa ya kuizuia, bromokriptini, lakini hukausha maziwa. Ni daktari tu anayeweza kuamua itumike.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukikosa pumzi unapolala, ukiamka usiku unakabwa, ukikohoa bila kupona, au moyo ukienda mbio umetulia. Sema wazi: "Nimejifungua juzi juzi, na siwezi kulala chali." Bila maneno hayo unaweza kupewa dawa ya pumu. Hapa Uganda mkimbizi hutibiwa katika vituo vya serikali kama raia. Kipimo ni ultrasaundi ya moyo; wagonjwa wa moyo hutumwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Wengi wanaoanza dawa mapema hupata nafuu. Kabla ya mimba nyingine, muone daktari kwanza.

Na wewe baba, ukiona mke wako analala ameketi, usingoje kuche.

[Muziki wa kufunga]