Akili ya Mwigizaji: Dalili Zake na Udanganyifu Wake

Hadhira itokapo katika ukumbi wa maigizo aghalabu huwa imekwisha kutoa hukumu juu ya akili za waigizaji. Mmoja husifiwa kwamba ana akili, na mwingine husemwa kwamba amekariri tu. Hukumu hiyo si ya kupuuzwa, kwani ndiyo inayowaongoza walimu wanapogawa sehemu za mchezo na waamuzi wanapotoa tuzo. Hata hivyo, mwigizaji husema maneno yaliyotungwa na mtu mwingine, na akili iliyomo katika maneno hayo ni ya mtunzi. Hadhira basi haipimi akili yenyewe, bali hupima dalili zake. Makala haya yanakusudia kuchambua dalili tatu, yaani usikivu, kituo na lafudhi, na kuonyesha kwamba ile ya tatu, ambayo ndiyo hutegemewa zaidi, ndiyo isiyofaa kutegemewa.

Mfano ulio wazi wapatikana katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969 kutokana na mchezo wa Shakespeare. Porshia huingia mahakamani akiwa amevaa kiume na kujifanya mwanasheria. Mdai anataka ratli ya nyama ya mwili wa mdeni wake, kama ulivyo mkataba. Porshia humsihi awe na huruma, huitazama hati, hukiri kwamba sheria iko upande wa mdai, kisha dakika ya mwisho hubainisha kwamba mkataba umetoa nyama bila kutoa hata tone la damu. Je, aliijua hoja hiyo kabla ya kuingia, au aliigundua pale pale? Mchezo hausemi. Watazamaji huelezwa tu kwamba alipata maelezo na mavazi kutoka kwa jamaa yake aliye mwanasheria. Uamuzi huachiwa mwigizaji. Akiisema hoja ile kama jambo alilofundishwa, huonekana mjumbe wa akili ya mtu mwingine. Akiisoma hati, akanyamaza, akamtazama mdai anayenoa kisu, ndipo akasema, hadhira huiona fikra ikizaliwa mbele ya macho yake. Maneno ni yale yale katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni yale yaliyotangulia kusemwa kwake.

Dalili ya kwanza, basi, ni usikivu. Mwigizaji ambaye uso wake hufa mara anapomaliza zamu yake ya kusema, kisha ukafufuka zamu yake inaporudi, hudhihirisha kwamba anangojea neno la kumwashiria tu. Yule anayesikia huonekana akibadilika kwa ajili ya yale anayoambiwa, na jibu lake huwa ni jibu kweli.

Katika sinema dalili hiyo yaweza kutengenezwa na mtu mwingine kabisa. Pudovkin, mwongozaji wa filamu wa Kirusi, amesimulia jaribio alilolifanya pamoja na mwalimu wake Kuleshov. Picha ya uso mtulivu wa mwigizaji Mozzhukhin iliunganishwa kwa zamu na picha ya bakuli la supu, ya maiti ndani ya jeneza, na ya mtoto anayecheza. Kwa masimulizi yake, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuwaza sana mbele ya supu, kuhuzunika mbele ya maiti, na kufurahi mbele ya mtoto, ilhali uso ulikuwa ni ule ule. Funzo lililopo ni kwamba mtazamaji humjazia mwigizaji fikra, mradi apewe kitu ambacho uso ule unakitazama. Katika sinema kitu hicho huwekwa na mkata filamu. Jukwaani hakuna mkata filamu. Mwigizaji hulazimika kukiweka mwenyewe kwa jicho lake na sikio lake.

Dalili ya pili ni kituo, na hapa ndipo lugha inapoingia kwa nguvu zote. Mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwingereza akitaka kukuza neno katika sentensi huweza kulitilia nguvu ya sauti pale pale lilipo. Mswahili hutegemea zaidi mpangilio wa maneno na kituo. Chukua sentensi mbili, zisizotoka katika tafsiri iliyotajwa: "Mkataba haukutaja damu" na "Damu, mkataba haukuitaja". Ya kwanza yatoa taarifa. Ya pili yaitanguliza damu, yanyamaza, kisha yairudia kwa kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. Ndiyo sauti ya mtu aliyekwisha kuona mwanya. Mwigizaji anayekiruka kituo kile huivunja hoja, hata kama hakukosea neno. Na yule anayepaaza sauti kwa kuiga utamkaji wa Kiingereza husikika kama anayesoma, si kama anayefikiri. Kituo kinachofuata maana ni ushahidi wa ufahamu. Kinachofuata pumzi ni ushahidi wa mapafu tu.

Dalili ya tatu ni lafudhi. Watazamaji wengi humdhani mwenye lafudhi safi kuwa ndiye mwenye akili, na mwenye lafudhi ya lugha yake ya kwanza kuwa mjinga. Udhaifu wa dhana hiyo wadhihirika kwa Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Wanjau alijulikana kote nchini Kenya kwa jina la Mzee Ojwang' katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya taifa. Yeye alikuwa Mkikuyu. Mhusika wake alikuwa Mjaluo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo. Kuiga lafudhi kama hiyo si jambo la kubahatisha. Dholuo haina sauti za sh na z, na msemaji wake huweza kuziweka s mahali pake. Mwigaji asiyejua kanuni hubadili sauti ovyo, na wenye lugha humgundua mara moja. Aijuaye hubadili pale tu panapostahili, tena kila mara. Kwa hiyo lile ambalo hadhira ilicheka kama kosa la mhusika lilikuwa ni ujuzi wa mwigizaji.

Jambo hili lina uzito nje ya ukumbi. Kijana anayenyimwa sehemu ya hakimu au ya mwalimu katika mchezo wa shule kwa sababu ya lafudhi ya kwao hufundishwa, pamoja na wenzake wote wanaomtazama, kwamba hekima ina lafudhi moja. Naye anayepewa sehemu ya bawabu mpumbavu kwa sababu hiyo hiyo hufundishwa mahali pake.

Usanifu wa matamshi una nafasi yake katika mafunzo ya lugha, wala haukanushwi hapa. Lakini si kipimo cha akili. Mwamuzi anayetaka kumjua mwigizaji mwenye akili na amtazame wakati ambapo hasemi, kisha asikilize mahali anaponyamaza.