Kulala Hemani Katika Uwanda wa Shira

Sisi watu wa pwani tukitaja baridi, twataja ile ya kipupwe, ambayo shuka moja yatosha kuizuia. Kwa hiyo kijana wetu atokapo Tanga au Unguja kwenda kulala hemani juu ya Mlima Kilimanjaro, hukhofu simba na nyoka, wala hayafikirii yaliyo na hatari zaidi: hewa ya huko, baridi yake, na haya ya kusema, “Naumwa.” Hayo ndiyo twapenda wazee na vijana wayajue.

Kilimanjaro ni milima mitatu ya moto iliyoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ndio mkongwe kuliko wenziwe. Kilele chake kilibomoka zamani sana, ukabaki uwanda mpana wa mawe na vichaka vifupi, ulio kiasi cha mita 3,500 na zaidi juu ya bahari. Apitaye njia ya Lemosho, upande wa magharibi, hulala usiku wa kwanza msituni, katika kambi ya Mti Mkubwa, na siku ya pili huingia uwandani. Jioni upepo ukitulia, Kibo huonekana upande wa mashariki, na kimya hutanda hata mtu akasikia pumzi zake mwenyewe. Kimya hicho ni neema kubwa kwa aliyezoea makelele ya mji.

Lakini na azisikilize vema pumzi hizo. Kadiri tupandavyo, hewa huwa nyepesi. Pale Shira kila pumzi huleta kiasi cha thuluthi mbili tu ya oksijeni aipatayo mtu wa ufukoni. Mwili wajua kujizoeza, ila wataka siku. Matabibu hushauri kwamba ukisha kupita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Kutoka Mti Mkubwa hata Shira ni zaidi ya mita 700. Basi mwenye nafasi na alale uwandani siku mbili kabla ya kuendelea.

Dalili za maradhi ya kimo ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa hamu ya chakula. Mwenye dalili hizo amwambie kiongozi wa safari saa ile ile, apumzike, wala asipande tena mpaka zimwondoke. Zikizidi, ashuke. Akianza kuyumba kama mlevi, au kusema yasiyoeleweka, au kutweta hali ameketi, ateremshwe upesi, hata ikiwa ni usiku wa manane, maana hapo ubongo au mapafu yake yamo hatarini. Hakuna dawa ichukuayo mahali pa kushuka.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kijana huficha kwa kuwa akhofu kuchekwa na wenziwe, au kwa kuwa baba yake ametoa fedha nyingi. Kwa hiyo, enyi wazazi, mwambieni mwanenu kabla hajaondoka nyumbani: “Fedha tuliyotoa si kitu mbele ya roho yako. Ukirudi kutoka nusu ya njia, tutakupokea kwa furaha ile ile.” Huenda maneno hayo yakamfaa kuliko koti zito.

Na koti pia alichukue. Joto hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Tanga ikiwa na digrii 30, Shira yaweza kuwa na 9 tu, na usiku umande ukaganda juu ya hema. Nguo zenye jasho zivuliwe kabla ya jua kuchwa, kichwa kifunikwe, na chini ya mfuko wa kulalia litandikwe godoro jembamba, kwani baridi ya ardhi ni kali. Jiko la makaa lisiingizwe hemani kabisa: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu usingizini. Nje nako moto wa kuni usiwashwe. Vichaka vya mlimani hushika moto upesi, kama ilivyodhihiri Oktoba 2020, moto ulipoteketeza sehemu kubwa.

Ama sala, kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Mwenye kusimama Shira akiweka Kibo mkono wake wa kulia hatapotea. Maji ya udhu na yapashwe moto. Tayamamu ni kwa anayekhofu madhara ya baridi naye hana njia ya kuyapasha.

Basi nendeni, vijana wetu, mkaone uzuri wa nchi yenu. Pandeni pole pole, semeni mapema, na mrudi kwa wazee wenu salama.

Wabillahi tawfiq.