Asidi "hula" silikoni: uteuzi wa vitenzi na mtego wa neno "dhaifu"

Husemwa kwamba kutu imekula bati, au chumvi imekula ukuta. Kitenzi hicho hicho, "kula", pamoja na kauli yake ya kutendeka, "kulika", ndicho kinachofaa zaidi katika matini za utengenezaji wa vifaa vya elektroniki, pale kisahani cha silikoni kinapotumbukizwa katika asidi ili sehemu ya uso wake iondolewe, huku sehemu nyingine zikihifadhiwa na tabaka la kinga.

Vitenzi vinavyoshindana nacho vina kasoro. "Kuyeyusha" huleta dhana ya joto. Silikoni huyeyuka kwenye nyuzi 1414 za Selisiasi, ilhali asidi huweza kufanya kazi yake katika joto la kawaida la chumba. "Kumumunyisha" nako hakutoshi: sukari iliyomumunyika hubaki sukari, na maji yakikauka huonekana tena, lakini silikoni iliyoliwa imekwisha kuwa kampaundi nyingine. "Kuchonga" hudai mkono na patasi.

Uteuzi huu si pambo. Mchanganyiko mashuhuri wa kazi hii una asidi nitriki na asidi hidrofloriki, mara nyingi pamoja na asidi asetiki. Asidi nitriki huoksidisha silikoni iwe dioksidi ya silikoni. Asidi hidrofloriki huiondoa dioksidi hiyo, na uso mpya hufunuka ili uoksidishwe tena. Nitriki peke yake huunda utando mwembamba unaozuia kazi isiendelee; hidrofloriki peke yake huila silikoni tupu polepole mno. Mfasiri anayeandika "huyeyusha" kwa asidi zote mbili amemnyima msomaji mgawanyo huo wa kazi. Sentensi sahihi ni: "Asidi nitriki huoksidisha, asidi hidrofloriki huondoa oksidi, na kwa pamoja hula silikoni."

Mchanganyiko huo hula kila upande kwa kasi inayokaribiana, hata chini ya ukingo wa kinga. Potasiamu hidroksidi, kwa upande wake, hufuata mpangilio wa fuwele. Katika visahani vilivyokatwa kwa mwelekeo unaofaa, huacha kuta zenye mwinamo wa nyuzi 54.7. Hiyo ni alkali, kwa hiyo kuiita kazi yake "kula kwa asidi" ni kosa.

Kosa la hatari zaidi limo katika kivumishi. Katika kemia, asidi hidrofloriki ni "asidi dhaifu", kwa maana kwamba ndani ya maji ni sehemu ndogo tu ya molekuli zake inayoachana kuwa ioni. Neno hilo halipimi madhara. Asidi hiyo hupenya ngozi, hufungamana na kalsiamu ya mwili na huweza kuua. Tena maumivu yake huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata aliyeguswa akadhani amesalimika. Asidi iliyopunguzwa nguvu kwa maji ni jambo jingine: hiyo ni "asidi iliyozimuliwa".

Kwa hiyo, katika maelekezo ya maabara, "dhaifu" lisiachwe peke yake. Iandikwe: "Asidi hidrofloriki ni dhaifu kwa kipimo cha uionishaji, lakini ni sumu kali, ikigusa ngozi, ioshwe mara moja kwa maji mengi na matibabu yatafutwe bila kungoja maumivu."