Njia ya mzigo huamua kilichomo dukani

MKATE na maziwa vinapokosekana dukani Kibera baada ya mvua, si lazima mwenye duka awe mzembe au kiwanda kiwe kimesimama. Mara nyingi kikwazo ni mwendo mfupi wa mwisho.

Lori huishia barabarani. Kuanzia hapo, katika vijia vyembamba, mzigo hubebwa kwa mkokoteni, pikipiki au mgongoni. Kawangware nako, duka lililo kando ya Barabara ya Naivasha hufikiwa na gari, ilhali la kichochoroni humtegemea hamali. Ujira wake huishia katika bei anayolipa mnunuzi.

Mtaji nao una usemi. Wateja wengi hununua vipimo vidogo, maarufu kama 'kadogo', kwa kuwa kipato chao ni cha siku. Muuzaji akiletewa mzigo mara moja kwa juma, ama hushindwa kuulipia wote, au bidhaa humwishia kabla lori halijarudi. Akiletewa kidogo kila siku, fedha zile zile huzunguka mara nyingi.

Coca-Cola ililitambua hilo. Mwaka 1999 vituo vidogo vya kusambaza soda kwa mikokoteni vilianzishwa Ethiopia, na mfumo huo ukafika Kenya baadaye. Twiga Foods, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2014, ilianza kwa kuwapelekea wachuuzi ndizi walizoagiza kwa simu, badala ya wao kurauka kwenda sokoni.

Kwa hivyo, kijia kisichogeuka tope kina thamani sawa na ghala lililojaa.